Gauni Lililopanuliwa Kila Jumapili

Mimi sikutaka kusema. Nesi ndiye aliyening'ang'ania wiki tatu nzima. Kila nikimsindikiza mtu kliniki ananishika mkono: "Mama, wenyewe hawataki kusema, basi sema wewe." Kama wenyewe hawataki, mimi kinaniwasha nini? Shule niliiacha darasa la nne, na mwandiko wangu kuku akiuona atauliza nani kapita hapa kabla yake. Lakini Nesi ana mdomo wa asali na ukaidi wa punda. Haya, nasema humu daftarini, tena mara moja tu, asije mtu kuniuliza tena njiani. Na wewe uliyekwisha anza kutabasamu, ngoja kwanza ujue unamcheka nani.

Ni habari ya mtu na wifi yake. Mmoja ni fundi wa cherehani, kaolewa na mwanangu wa kiume. Wa pili ni mwalimu wa chekechea, huyo nimemzaa mwenyewe. Wote walikuwa wanene, wala sisemi ule unene wa kuambiwa "umependeza". Nasema unene wa kuingia nyumba ya watu ukakagua viti kabla ya kusalimia. Fundi alikuwa na kilo mia na thelathini na moja. Mwalimu alikuwa na mia na ishirini na nne, ila yeye alisema mia na ishirini, zile nne akidai ni za viatu.

Fundi magoti yalikuwa yamemchosha. Kukanyaga cherehani saa nzima ilikuwa adhabu, na sukari ilikuwa imeanza kumpanda. Daktari akawaambia wote wawili kwamba dawa peke yake haitoshi, wapasuliwe, mfuko wa chakula upunguzwe. Fundi alitangulia, Mwalimu akafuata baada ya wiki sita. Kwenye ule mfuko kikabakizwa kipande chembamba kama ndizi.

"Sasa nina tumbo la ndege," alisema Fundi siku ya kurudi nyumbani.

"Na mdomo wa tembo haujaguswa," akajibu Mwalimu.

Ndivyo walivyokuwa hao, utani asubuhi, utani jioni. Watu wengine wifi yao ni mwiba wa samaki kooni. Hawa walikuwa wakiazimana hata kanga.

Miezi mitano ya mwanzo kilo zilimtoka Fundi kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kila baada ya siku chache alikaa kwenye cherehani yake akapunguza magauni yake mwenyewe, ubavu huu na ubavu ule. Kitambaa kilichozidi hakukikata, alikikunja kwa ndani akakishonea humo. Fundi anayejua kazi hakimbilii mkasi, maana mwili wa mtu ni mgeni, leo upo hivi kesho vile.

Wateja walikuja na nguo zao wakaishia kumkodolea macho. Alikuwepo mmoja, mke wa dereva, mwenye ulimi uliochongwa kama penseli. Huyo alisema, "Mnaokatwa tumbo mmepita njia ya mkato tu. Utaona, mwaka hauishi mtu karudi palepale." Fundi alicheka, lakini neno lile lilimwingia likakaa. Na mimi mama mkwe wake sikunyamaza. Nilimpeleka mkamwana wangu kila mahali kama mtu anayetembeza jogoo wa mashindano. "Mwoneni! Mwoneni alivyopukutika!"

Kliniki walikuwa na kundi lao la simu. Wagonjwa wote waliopasuliwa, ishirini na kitu, kila Jumatatu asubuhi walipima uzito nyumbani wakaandika kilo zao humo. Nesi akasoma, akajibu. Kila Jumatatu Fundi alikuwa wa kwanza, na kila Jumatatu Nesi alimwandikia, "Huyu ndiye mfano wetu." Makofi yakajaa kwenye simu mpaka inatetemeka juu ya meza.

Halafu ikafika Jumatatu moja mizani ikasema tisini na sita. Jumatatu iliyopita ilikuwa imesema tisini na sita.

Fundi alishuka. Aliisogeza mizani kwenye kigae kingine, akapanda. Tisini na sita. Akaipeleka jikoni kwenye sakafu ya saruji, akapanda na pumzi kaibana. Tisini na sita. Akaitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsaliti mahakamani. Simu ilikuwa mkononi na watu wanamngoja, maana wa kwanza asipoandika wengine huuliza kuna nini. Akafikiri: mpaka Ijumaa nitakuwa nimeitoa hii kilo moja, kwa hiyo si uongo, ni kuwahi tu. Akaandika tisini na tano.

Haya yote alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa kanipa mgongo, anakata kitambaa, ili asinione uso.

Ijumaa ikaja, tisini na sita. Alikuwa amepunguza chakula mpaka vijiko vitatu, anatembea kwenda na kurudi kazini kwa miguu, usiku miguu inamuuma. Tisini na sita. Jumatatu ikaja tena, na sasa hakuweza kuandika tisini na sita, kwa sababu wiki iliyopita alikwisha kusema tisini na tano, ingeonekana kaongezeka. Akaandika tisini na nne. Mwongo hupanda mti kwa urahisi, kazi ni kushuka.

Lakini kilo za kwenye simu watu hawazioni kwa macho, na mtaani watu wana macho. Mtu anayepungua nguo humpwaya. Fundi alikaa Jumapili moja mchana, baada ya chakula, watu wote wamelala usingizi wa shibe, akalitazama gauni lake la buluu la kazini. Lilikuwa limemkaa sawasawa, kama lilivyokuwa wiki tatu nyuma. Akachukua wembe, akafumua mshono wa ubavuni, akatoa nusu inchi ya kile kitambaa alichokikunja ndani, akashona upya. Akapiga pasi. Jumatatu alipolivaa likapwaya.

"Fundi, jamani, unakwisha!" alisema jirani.

"Nguo zinakuning'inia kama zimeanikwa!" alisema mwingine.

Ndipo ikawa desturi. Wanawake wote duniani hupunguza nguo ili waonekane wembamba. Yeye alikuwa akizipanua. Jumapili nusu inchi, Jumatatu kilo moja. Wiki moja alitoa kilo mbili kwa mkupuo, kwa utamu wa kusifiwa tu, halafu akajificha msalani akalia, kajiziba mdomo kwa taulo.

Kama ingeishia hapo, ningesema ni ujinga wake na mizani yake. Lakini kulikuwa na Mwalimu.

Mwalimu naye alikuwa amegoma kwenye tisini na tisa. Yeye aliandika ukweli. Jumatatu tisini na tisa, Jumatatu nyingine tisini na tisa, na juu yake, kwenye kundi lilelile, wifi yake anateremka kama mtu aliyepanda lifti. Jumamosi moja alikuja kwenye kibanda cha kushonea, akakaa kwenye stuli ya wateja, akavuta pumzi.

"Wifi, niambie ukweli, unafanyaje?"

Fundi alishusha macho kwenye sindano. "Nafanyaje nini?"

"Usinizungushe. Tumekatwa na daktari mmoja, tumepewa karatasi moja ya chakula. Wewe unashuka, mimi nimeota mizizi. Nini unakula ambacho mimi sili? Au nini nakula ambacho wewe huli?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Kibanda kilikuwa na watu wawili tu. Fundi alifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Nimeacha chakula cha jioni."

"Chote?"

"Chote."

"Kumbe!" Mwalimu alijipiga paja. "Na mimi kila jioni najikalia na yai langu kama malkia!"

Akaenda zake akaacha chakula cha jioni. Wiki mbili baadaye alirudi, bado tisini na tisa, mashavu yamemnywea, na swali ni lilelile. Fundi safari hii alisema anakunywa maji tu mpaka mchana. Alitunga tu, kama unavyomtungia mtoto hadithi alale. Mwalimu akaacha na cha asubuhi.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye meza ya chakula, nasema, "Mwanangu, mwenzio anakwisha kama mshumaa, wewe vipi? Au unakula kwa kujificha?" Nilimwambia hivyo binti yangu wa tumbo langu, mbele ya kaka yake. Alisukuma sahani mbele akaondoka. Fundi alikuwa kakaa hapo hapo, kijiko mkononi, gauni la buluu linampwaya, akainamia sahani yake. Nimesema nitasema yote, basi na hilo langu lihesabiwe.

Mwalimu akaanza kushika ukuta anapoinuka. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Alipovua pete kunawa, pete ilidondoka yenyewe. Fundi aliona. Siku moja aliamka akisema leo nakwenda kumwambia, liwalo na liwe. Akavaa, akaenda mpaka mlangoni kwa Mwalimu, akabisha hodi. Mwalimu akafungua, akamkumbatia, halafu akashika lile gauni pale ubavuni, kitambaa kikajaa kiganjani mwake.

"Ona, wifi, ona lilivyobaki tupu! Mungu akinijalia hata nusu yake tu!"

Fundi akasema alikuja kuazima pasi. Akarudi nyumbani na pasi ya mtu, na yake ipo mezani, bado ya moto.

Jumatano iliyofuata Mwalimu alianguka darasani. Alikuwa ameinama kumfunga mtoto kamba za viatu, akainuka haraka, akaenda chini moja kwa moja. Watoto walidhani mwalimu anacheza mchezo wa kulala, na wao wakalala pembeni yake, darasa zima. Mpishi wa shule alipopita ndipo akaona mwalimu peke yake ndiye hafumbui macho.

Tulimkuta hospitali katundikiwa maji, midomo imepasuka. Nesi yule yule wa kliniki alishuka kutoka ghorofani, kashika karatasi za vipimo, uso umekunjamana.

"Mwalimu, siku ngapi hujala vizuri?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Mchana. Kidogo."

"Nani alikuambia uache asubuhi na jioni? Maana mimi sikukuambia, na daktari hakukuambia."

Binti yangu alitazama dari. Alijua jibu, na wifi yake alikuwa kasimama miguuni pa kitanda. Akasema, "Hakuna mtu. Niliamua mwenyewe."

Fundi aliniambia kwamba kama Mwalimu angemtaja, angeweza kuvumilia. Angejitetea, angelia, yangekwisha. Lakini kule kustiriwa na mtu uliyemwangusha mwenyewe kulimkata kuliko kisu cha daktari.

Nesi aligeuka, akamwona. "Afadhali umekuja. Wewe ndiye mfano wetu, hebu mweleze mwenzio. Mweleze unakula nini mpaka hujagoma hata wiki moja. Kusema kweli hata mimi nashangaa. Watu wote hugoma. Wengine wiki ya tatu, wengine mwezi wa sita, na kugoma hudumu wiki kadhaa. Mwili ukiona njaa imezidi hufunga milango, unaishi kwa kidogo unachoupa. Anayegoma simwambii apunguze chakula, namwambia ale vizuri zaidi: mayai, samaki, maharage, hivyo kwanza kabla ya vingine, alale, atembee, anyanyue vitu vizito kidogo, asubiri. Angeniambia tu."

"Nilikuambia," Mwalimu alisema. "Kila Jumatatu niliandika tisini na tisa."

Nesi akazikunja zile karatasi za vipimo. "Uliandika. Na mimi nilikuandikia usihofu. Lakini ulikuwa hunisomi mimi, ulikuwa unamsoma huyu."

Pembeni ya mlango wa wodi palikuwa na mizani ya kusimama, ile ya chuma yenye mkono mrefu wa kusogezwa. Hakuna aliyemwambia Fundi afanye lolote. Alivua viatu, akapanda. Akausogeza mkono wa mizani yeye mwenyewe, taratibu, kama anayepima kitambaa cha mtu mkali. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo.

"Tisini na sita," alisema. Akasema tena, "Tisini na sita. Wiki ya saba leo."

Nesi alisema, "Jumatatu uliandika themanini na nane."

"Niliandika."

Nilimwambia, "Shuka, mwanangu, mizani hiyo mbovu." Aibu ilikuwa imenishika na mimi, nikataka kukisingizia chuma. Hakushuka.

Mwalimu alijiinua kwa kiwiko. "Na gauni je? Gauni nimelishika kwa mkono wangu."

Hapo Fundi akashuka, akasogea kitandani, akageuza ubavu wa gauni alilovaa ndani nje. Mshono unapofumuliwa, sindano huacha alama kwenye kitambaa, matundu madogo yamejipanga. Pale ubavuni palikuwa na mistari sita ya matundu, mmoja baada ya mwingine, kama ngazi. Mwalimu aliipitishia kidole. Anafundisha watoto kuhesabu, basi akahesabu kwa sauti, polepole, mmoja mpaka sita. Alipofika sita akaliachia gauni, akageukia ukutani.

"Nilikuwa najiita nguruwe," aliuambia ukuta. "Kila asubuhi kwenye kioo. Nguruwe. Kumbe tuliogoma tulikuwa wawili."

Fundi alisema, "Nisamehe, wifi."

"Niondokee."

Akaondoka. Kwenye ngazi za hospitali, watu wanapanda wanashuka, alikaa akaandika kwenye kundi: "Mimi ni kilo tisini na sita. Nimekaa hapo wiki saba. Yote niliyoandika hapa tangu siku hiyo ni uongo, na mtu ameumia kwa sababu yake." Aliituma kabla vidole havijabadili nia. Yale makofi aliyoyazoea hayakuja. Simu ilikaa kimya mkononi mpaka ikazima taa. Baadaye mtu mmoja akaandika, "Ulitufanya tujione wavivu." Hakumtukana zaidi ya hapo, na hilo peke yake lilitosha. Yule mke wa dereva naye alipopata habari, maana habari za namna hii zina miguu minne, alipita kibandani akaagiza sketi, akasema, "Ukinipima, Fundi, niandikie inchi za kweli." Fundi aliandika za kweli, na sketi ilimkaa vizuri mteja, na kijembe kile Fundi akakimeza.

Mwalimu alipona baada ya siku tano. Alikula mayai yake asubuhi na samaki wake jioni kama alivyoagizwa. Lakini na wifi yake hakusema naye. Ilipofika sherehe ya shule alinunua kitambaa, akakipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa pili, na gauni lilipokwisha alipita nalo mbele ya kibanda, limetundikwa kwenye mkono, mchana kweupe. Fundi aliliona. Aliniambia lilikuwa limeshonwa vibaya mabegani, na kwamba alijizuia kwa nguvu zake zote asitoke kulirekebisha.

Nilijaribu kuwapatanisha nikashindwa. Nilimwambia Mwalimu, "Mama mzazi nakuomba." Akaniambia, "Mama, wewe ulisema najificha kula."

Kilichowarudisha karibu si mimi. Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa pili tangu aanguke, Mwalimu alifungua mlango wa nyumba ya kaka yake bila kubisha, akapita sebuleni moja kwa moja mpaka ilipo mizani.

"Panda," alimwambia Fundi.

"Salama, wifi?"

"Sijaja kusalimiwa. Panda, nione mwenyewe."

Fundi akapanda. Mwalimu akainama nyuma yake, mikono kiunoni, kama mkaguzi. Tisini na sita. "Haya," akasema, akaondoka. Jumatatu iliyofuata akaja tena. Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Simu haiamini, mdomo hauamini, anakuja na macho yake. Juzi mizani ilisema tisini na tano na nusu, na Fundi mwenyewe akadhani anaota.

"Shuka," Mwalimu akasema. "Panda tena."

Akapanda tena. Tisini na tano na nusu. Mwalimu alitazama kwa muda mrefu, halafu naye akavua viatu vyake, akamsukuma Fundi kando kwa nyonga, akapanda. Hajamwambia kwamba amemsamehe. Amemwonyesha kilo zake, basi.

Fundi bado ana aibu. Akiingia kliniki hukaa kwenye kile kiti cha nyuma ya mlango, na akiulizwa gauni la buluu liko wapi husema limechakaa. Halijachakaa. Mimi nimeliona, limekunjwa chini ya sanduku, na sikumwambia kwamba nimeliona.

Sasa ni zamu yako. Nesi ameniahidi daftari hili litawekwa juu ya meza pale mnaposubiri kuitwa. Kurasa za mwisho nimeziacha tupu kusudi. Andika hapo kilo zako za leo, zilizo za kweli, na idadi ya wiki ambazo hazijasogea. Jina sikuhitaji, na pole zako kwa familia yangu usituandikie. Ukimaliza mpe aliyekaa pembeni yako asome, umtazame usoni akisoma. Kalamu nimeifunga kwa uzi wa cherehani, usiondoke nayo.